Saa za Nyumbani Zimekwenda Wapi?

Ndugu msomaji, jana ulirudi nyumbani saa ngapi? Fikiri kidogo kabla ya kujibu, maana sikuulizi miguu yako ilivuka kizingiti saa ngapi. Hilo hata jirani aweza kulijibu, kwa kuwa alisikia geti likifunguliwa na watoto wakikupokea. Nauliza ni saa ngapi ulipoacha kuwa karani, fundi, mwalimu, muuguzi au mwenye duka, ukawa baba au mama wa watu wa nyumba yako. Zamani, kwa wafanyakazi wengi wa mjini, saa hizo mbili zilikaribiana sana. Siku hizi zimeachana, na mara nyingine hiyo ya pili haifiki mpaka watoto wamekwisha lala.

Tumchukue mfanyakazi mmoja wa Dar es Salaam, ambaye bila shaka wamfahamu kwa kuwa huenda ni wewe mwenyewe. Anakaa Chanika au Mbagala Rangi Tatu, na kazi yake iko katikati ya jiji. Saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni akigombea daladala. Watoto amewaacha wamelala. Jioni anatoka kazini saa kumi na moja, na foleni ikimhurumia anafika kwake saa moja na nusu. Mwanawe wa darasa la kwanza hulala saa tatu, kwa sababu naye huamka na majogoo kuwahi gari la shule. Ukitoa kuoga na kula, wawili hawa wamebakiwa na saa moja, pengine pungufu, ya kuonana macho kwa macho kwa siku nzima. Saa hiyo moja ndiyo mali tunayoizungumzia leo. Ni ndogo, haiazimiki kwa jirani, na kila chombo kilichomo ndani ya nyumba, kuanzia jiko hadi simu, ama kinaiongeza ama kinaila.

Nimesema "kinaiongeza" kwa makusudi. Yako maneno mengi ya kulaani mitambo ambayo hayana haki ndani yake, na aghalabu husemwa na watu ambao hawakupata kupanga foleni ya umeme. Kabla ya malipo ya simu kuenea, mwenye mita ya LUKU aliyeishiwa umeme Ijumaa usiku alikaa gizani hadi Jumamosi asubuhi, kisha akaenda kujipanga dirishani kwa wakala au kwenye ofisi ya TANESCO, akarudi na kikaratasi chenye tarakimu 20. Leo tarakimu hizo humfikia akiwa ameketi kwenye mkeka wake. Aliyetaka kumpelekea mama yake fedha Songea au Bukoba alikuwa na hawala ya posta, au alikuwa na bahasha aliyomkabidhi dereva wa basi pamoja na dua. Aliyepeleka alipoteza nusu siku, na aliyepokea alipoteza siku nzima kwa kuifuata fedha mjini. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikaingia kwetu 2008, na baada yake zikafuata za makampuni mengine. Sijui kama tumewahi kukaa chini tukahesabu ni Jumamosi ngapi zilizorudishwa mikononi mwa wazazi kwa jambo hilo peke yake. Na foleni za ada benki kila mwezi wa Januari, mzazi mmoja akiwa mstarini na mwingine akibembeleza likizo ya dakika mbili kwa msimamizi, nazo zimepungua mno.

Jikoni mambo ni hayo hayo. Moto wa mkaa una kiburi chake. Hauwaki upesi kwa sababu mtoto ana njaa. Mama aliyefika saa moja na nusu, akapepea jiko hadi saa mbili ndipo akabandika maharage, hakuwa na maongezi na mtu isipokuwa na kipepeo chake. Mtungi wa gesi umempunguzia nusu saa hiyo, tena bila ya moshi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, umekusudia kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati ya namna hiyo ifikapo 2034. Husemwa zaidi habari ya misitu na mapafu, nami siipingi hata kidogo. Lakini aongezwe hapo mtoto aliyekuwa akimsubiri mama amalize kupepea.

Basi hesabu inatuambia kwamba mfanyakazi wa leo amerudishiwa saa nyingi kila juma kuliko aliyekuwa na umri wake miaka 30 iliyopita. Ukimuuliza kama ana nafasi zaidi, atakucheka. Saa hizo zimekwenda wapi?

Swali hili waliwahi kuulizana wenzetu. Mwaka 1983 mwanahistoria mmoja wa Marekani, mwanamama Ruth Schwartz Cowan, alitoa kitabu alichokiita More Work for Mother, yaani kazi zaidi kwa mama. Alichunguza majumba ya nchi yake tangu enzi za meko ya kuni hadi mabomba, majiko ya kisasa na mashine za kufulia. Mtu angetazamia kwamba kila mashine ilipoingia mlangoni, mama alipata kukaa kidogo. Haikuwa hivyo. Jiko la kisasa lilimwondolea baba kazi ya kupasua kuni, na bomba liliwaondolea watoto kazi ya kuteka maji, lakini mpishi alibaki yule yule mmoja. Mashine ya kufulia ilifanya kufua kuwe rahisi, nayo nyumba ikaanza kufua mara nyingi zaidi, kwa kuwa shati la siku mbili sasa lilionekana chafu. Kazi iliyorahisishwa iliongezwa, na iliyokuwa ya wengi ikamwangukia mmoja.

Hebu yalete maneno hayo mjini kwetu uone jinsi yanavyokaa. Zamani mwalimu aliyetaka kusema na mzazi alimpa mtoto barua, na mzazi akaenda shuleni siku aliyopata ruhusa. Safari hiyo imefutwa na kundi la wazazi la WhatsApp. Lakini kundi lenyewe hutoa ujumbe 60 kwa jioni moja: kazi za nyumbani zilizopigwa picha saa mbili usiku na kutakiwa kesho asubuhi, michango ya mahafali, soksi iliyopotea, sala, matangazo ya mikoba, na mzazi mmoja mwenye kujibu kila kitu kwa vidole gumba. Kwa kawaida mwenye kuusoma wote huo ni mama. Ofisini nako taarifa ya robo mwaka iliyokuwa ikipigwa chapa kwa siku tatu sasa hutengenezwa kwa siku moja. Kwa hiyo huagizwa taarifa tatu. Mashine imetimiza ahadi yake barabara. Sisi ndio hatukupeleka zile siku mbili nyumbani, maana hapana aliyesimama kuzidai.

Kuna jambo jingine lililobadilika ambalo halionekani kwa urahisi, nalo ni habari ya lango. Wazee waliofanya kazi viwandani, mathalan pale Urafiki, Ubungo, kiwanda cha nguo kilichofunguliwa 1968, watakuambia jinsi zamu ilivyokuwa na mwanzo na mwisho. Ukitoka langoni umetoka. Nyuzi na mitambo vilibaki ndani, kwa kuwa hapana mtu awezaye kuutia mtambo wa kufuma katika mfuko wa suruali. Karani naye aliacha mafaili kabatini na taipu mezani. Simu za majumbani zilikuwa chache, na kuipata ilitaka subira ya miaka. Kwa hiyo mkubwa wa kazi aliyemhitaji mtu wake saa tatu usiku alipaswa kutuma dereva na gari, na mafuta ya gari yalikuwa na hesabu yake. Alifanya hivyo mtambo wa maji ulipoharibika au mgonjwa alipozidiwa. Hakutuma gari kuuliza faili la fulani liko rafu gani. Gharama ya kumsumbua mfanyakazi ndiyo iliyokuwa ulinzi wa jioni yake, wala si hisani ya mkubwa.

Simu za mkononi zilianza kuingia nchini katikati ya miaka ya 1990, zikiwa chache na ghali, na WhatsApp ilianzishwa 2009. Siku ile kumwita mfanyakazi kulipogeuka kuwa karibu bure, ulinzi ule uliondoka bila mtu kutia sahihi mahali popote. Sasa swali la rafu laweza kuulizwa saa tatu usiku, na huulizwa. Mwenye kuuliza si lazima awe mtu mbaya. Amelikumbuka sasa, simu iko mkononi, anaona heri aulize asije akasahau. Pengine hata ameandika "si lazima ujibu leo". Lakini mwenye kupokea huliona jina la mkubwa wake juu ya kioo, na moyo wake umekwisha ondoka mezani.

Wala usidhani kuwa walioajiriwa ndio peke yao walio katika hali hii. Mama anayeuza vitenge na manukato kwa kuweka picha katika simu yake hana bosi wa kumlaumu. Duka lake halina mlango, kwa hiyo halifungwi. Mteja wa saa nne usiku anauliza bei, anauliza rangi, anaomba picha nyingine, anasema atafikiria. Asipojibiwa papo hapo atanunua kwa mwingine, na mama analijua hilo. Kwake yeye simu ndiyo ada ya shule. Kumwambia aizime kama vile ni anasa ni kumkosea adabu. Aliye katika bodaboda au gari la kuitwa kwa simu yuko vivyo hivyo: chombo kile kile kinachomwambia mwanawe ana homa ndicho kinachomletea abiria. Hawa tusiwahubirie. Naona hata hivyo kwamba wenye maduka ya Kariakoo, waliofanya biashara maisha yao yote, hufunga milango yao jioni na wateja hurudi kesho yake. Mama wa vitenge akiandika katika simu yake kwamba oda hupokelewa hadi saa mbili usiku, atapoteza baadhi. Lakini wengi wa wanaouliza saa nne hawakuwa wakinunua.

Na hapa, kwa ruhusa yako msomaji, niguse mahali penye kuwasha. Tunalalamika juu ya mkubwa asiyejua saa za kazi, huku dada aliyelea watoto wetu tangu alfajiri angali jikoni saa nne usiku akiosha masufuria. Naye ni mfanyakazi, tena sheria ya kazi inamtambua. Kama saa zetu za nyumbani zimenunuliwa kwa saa zake zote, basi tumelihamisha tatizo hilo chumba cha pili tu.

Tuje sasa kwa mtoto mwenyewe. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa malezi wa Marekani, Edward Tronick, pamoja na wenzake walifanya jaribio ambalo mzazi yeyote aweza kulielewa. Mama alikaa mbele ya kichanga chake akicheza naye kama desturi. Kisha akaambiwa aukaushe uso wake kwa dakika chache: amtazame mtoto, lakini asicheke, asiseme, asiitike. Kichanga kilitambua upesi. Kwanza kilitabasamu, kikanyoosha mikono, kikatoa sauti, kikijaribu kila hila iliyokuwa ikimchekesha mama siku zote. Kilipoona haifai kitu, kiligeuza uso pembeni, kikanyong'onyea, na vingine vikalia. Mama alipoirudisha sura yake ya kawaida mchezo ulianza tena, ingawa mtoto hakusahau mara moja.

Jaribio hilo lilifanywa wakati ambapo simu za mkononi hazikuwapo. Hata hivyo, ni nani asiyeijua sura ile iliyokauka? Ni sura ya mtu anayesoma ujumbe. Mwili uko kitandani, mkono mmoja unamshika mtoto, na uso hauko kwa yeyote kati ya waliomo chumbani. Mtoto wa miaka minne huja na mchoro wake. Huambiwa "mzuri sana" na mtu ambaye hakuutazama. Huuleta tena. Mara ya tatu huvunja kikombe, na hapo ndipo anapotazamwa. Sisemi kwamba mama anayeichungulia simu yake amemharibu mwanawe; jaribio lenyewe limetuonyesha kwamba sura ikirudi, mtoto naye hurudi. Ni suala la mara ngapi kwa jioni moja, na katika jioni fupi namna ile niliyoieleza mwanzoni.

Wapo watakaosema kwamba zamani baba alikaa na wanawe akiwapigia hadithi. Wengine walifanya hivyo, Mungu awajalie. Wengine walikuwa kilabuni mpaka kilabu kifungwe, na wengine walikaa nyumbani nyuma ya gazeti lililofunguliwa kama ukuta, na watoto wakakatazwa kupiga kelele. Na wewe unayeisoma safu hii Jumapili hii, kama kuna mkono mdogo unaokuvuta suruali, liweke gazeti chini. Maneno yaliyochapwa hayatakimbia. Tofauti ni kwamba gazeti lina ukurasa wa mwisho. Simu haina, tena imetengenezwa kwa makusudi isiwe nao. Ukimaliza picha moja, nyingine imekwisha panda kutoka chini.

Redio, kwa upande wake, ilikuwa mgeni mwenye adabu. Iliacha macho na mikono huru. Mama alichambua mchele, baba alishona kiatu, watoto walilala kifudifudi juu ya mkeka, na wote walisikiliza sauti moja. Waliokulia katika enzi ya Redio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka kipindi cha Mama na Mwana, na jinsi hadithi ilivyoendelea kusimuliwa kitandani baada ya redio kuzimwa. Televisheni ilikuja Zanzibar mapema, katika miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Bara tulingoja hadi 1994. Ilipokuja iliwageuza wote watazame upande mmoja, na wazee wakaona maongezi yamekufa. Nadhani tuliionea. Watu wa nyumba moja waliobishana juu ya penalti ya Simba na Yanga walikuwa wakizungumza, na mtoto aliyeuliza kwa nini yule mama katika tamthilia analia alipata jibu kutoka kwa mtu mzima aliyeketi karibu naye. Nyumba yenye televisheni moja ilikuwa bado na jambo moja la kuzungumza. Nyumba yenye simu tano ina mambo matano, na kila mmoja amevaa visikilizio vyake.

Kwa watoto wadogo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 1919 plus karne, yaani 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Mzazi anayepika huku kichanga kikilia atasema waandishi wa mwongozo huo hawana jikoni. Nami namwelewa. Lakini kuna kioo na kioo. Ubongo Kids, katuni zinazotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na zilizoanza kurushwa 2014, zinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Tandale anakielewa. Mtoto wa shule akizitazama nusu saa, kisha akaulizwa na baba yake yule twiga alikosea wapi katika hesabu, amepata vitu viwili kwa wakati mmoja. Aliyepewa simu ili anyamaze, akaachiwa picha zijichague zenyewe hadi alale, hajui hata yeye ametazama nini.

Itakuwa dhuluma nikimaliza bila kuwataja wale ambao simu ndiyo nyumba yao. Dereva wa lori anayekwenda Lubumbashi hukaa foleni Tunduma, tena Kasumbalesa, na mwezi unaweza kwisha hajalala kwake. Askari aliyehamishiwa mkoa wa mbali, mwalimu ambaye mwenzi wake hakupata uhamisho, na wale dada na mama zetu wa Bara na Visiwani waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman, wakiacha watoto kwa bibi: kwao habari ya "weka simu pembeni uwe na familia" ni maneno yasiyo na maana. Saa ya Oman iko mbele ya yetu kwa saa moja tu. Mama akimaliza kazi mapema aweza kumkuta mwanawe hajalala. Anamwona amepoteza jino. Anamwambia bibi amtazame sikio lile. Kizazi kilichotangulia kingepata habari ya jino hilo kwa barua, baada ya jino jipya kuota. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya 2017 juu ya wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, lilieleza habari za kunyang'anywa pasipoti na kufanyishwa kazi saa nyingi mno. Katika hali kama hiyo mwajiri akimnyima mtu simu hamnyimi starehe. Amewanyima watoto mama.

Wazazi hao wa mbali, kwa kweli, wanaweza kutufundisha sisi tunaolala nyumbani. Wao hupiga simu kwa saa inayojulikana. Huuliza mambo madogo, kwa sababu makubwa hayaonekani katika kioo. Baba mmoja dereva niliyezungumza naye husoma kitabu kile kile cha darasa la pili anachosoma mwanawe. Alikinunua nakala mbili, moja iko ndani ya lori. Jioni kila mmoja hufungua ukurasa wake. Ni wangapi kati yetu tunaolala chumba cha pili tunaojua mtoto yuko ukurasa gani?

Baada ya hayo tuzungumze habari ya kudai, maana si kila jambo laweza kutengenezwa kwa nia njema ya mtu mmoja ndani ya nyumba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, na siku za kazi zisizidi 6. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika majuma manne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo. Wakuu wanaosimamia wengine wana masharti yao tofauti. Lakini karani, fundi na muuguzi wamo. Neno "mfululizo" ndilo la kulishika. Sheria hiyo iliandikwa miaka mitano kabla ya WhatsApp, kwa hiyo haikuutaja ujumbe wa usiku. Mtu anayeitwa mara nne kati ya saa mbili na saa tano usiku kutengeneza hesabu hajapumzika mfululizo, kwa Kiswahili chochote kile.

Wenzetu wamelikabili jambo hili kwa jina lake. Ufaransa, tangu Januari 2017, imezitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao juu ya haki ya kutopatikana baada ya saa za kazi. Ureno ilikwenda mbele zaidi 2021, ikamtaka mwajiri mwenyewe ajizuie kumtafuta mfanyakazi wakati wa mapumziko isipokuwa kwa dharura. Jirani zetu Kenya walipeleka muswada wa namna hiyo katika Seneti 2022, na waajiri wakaupinga kwa kuhofia gharama. Hapa kwetu si lazima tungoje Bunge. Vyama vya wafanyakazi hukaa na waajiri kutengeneza mikataba ya hali bora, na mikataba hiyo huzungumza mishahara, nauli, matibabu na hata sanda. Hapana kinachozuia kipengele kimoja zaidi juu ya simu.

Kisiwe kirefu. Kitaje saa ambayo baada yake makundi ya kazi hunyamaza. Kitaje dharura ni nini, kwa orodha: moto, ajali, mgonjwa, mtambo uliosimama. Kiseme kwamba mwenye dharura apige simu, asiandike, kwa kuwa mwenye kupiga hufikiri mara mbili. Na kiseme kwamba aliyeitwa akafanya kazi, dakika zake ziandikwe katika daftari lile lile la saa za ziada, zilipwe mwisho wa mwezi pamoja na nyingine.